Treni Niliyosema Haiji

Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa mpiga debe wa mabasi ya Handeni pale Korogwe, kwenye uwanja ulio mbele ya stesheni ya treni. Safari za reli zilikuwa zimerudi baada ya kusimama miaka mingi, na abiria akishuka behewani alikuwa anavuka hatua chache tu kuingia kwenye magari yetu. Mimi kwetu ni Handeni. Nikiita abiria, lafudhi yangu ya Kizigua ilikuwa inawageuza akina mama wa huko kabla hata hawajaniona, nami nilikuwa najivunia jambo hilo.

Mchana mmoja basi langu lilikuwa limebakiza siti moja. Injini inanguruma, abiria wananung'unika kwa joto, dereva ananikazia macho. Ndipo akatokea mama mmoja mrefu, amekumbatia kidumu cha asali alichokifunga ndani ya mfuko wa nailoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akaitika kwa lafudhi ya kwetu Handeni. "Eti treni ya Arusha imeshapita?"

Nilijua haijapita. Nilijua pia kwamba imechelewa tu, maana mfanyakazi wa stesheni alikuwa ametutangazia muda mfupi kabla. Lakini nikamjibu, "Leo haiji, mama. Imeharibika huko nyuma. Panda urudi nyumbani, hili ndilo gari la mwisho."

Halikuwa la mwisho.

Akasimama akiitazama reli. "Mdogo wangu yumo humo," akasema. "Anakwenda kwa mwanawe, akatibiwe macho. Tulipatana nije nimuone hapa dirishani, hata kwa hizo dakika chache. Mwaka wa sita huu hatujaonana."

"Si umpigie simu?"

"Simu tunayo moja nyumbani. Nimemwachia mzee."

Nafasi ya kurudi nyuma ilikuwepo. Ningeweza kusema ngoja, mama, nikakuulizie tena. Dereva akapiga honi. Nikampokea kile kidumu, nikamshika mkono, nikampandisha. Akanishukuru, akaniombea na dua.

Treni iliingia kabla saa nzima haijaisha. Nilikwenda kusimama pale kama kawaida, kutafuta abiria. Kwenye dirisha la behewa la tatu kulikuwa na sura ileile ya yule mama, ila changa kidogo, macho yamekunjwa kama ya mtu anayetazama jua. Akaniita mimi kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu.

"Kaka, hujamuona mama mmoja mrefu, tumefanana? Ni dada yangu. Hawezi kukosa kuja."

"Sijamuona," nikasema.

Akaendelea kuwatazama watu wote waliokuwa wakipita, mmoja mmoja. Treni ilipoanza kusogea akanitupia kifurushi cha kanga na kunitajia kijiji chao. "Akija mpe. Mwambie nimemsubiri."

Kile kifurushi nilikaa nacho chumbani kwangu Kwamndolwa siku tatu. Nikikitazama nakigeuza, nikikigeuza nakifunika na shati. Siku ya nne nikapanda basi lilelile. Kondakta alikumbuka alipomshusha yule mama, akanionyesha njia ya kuingia kijijini.

Aliponiona alifurahi. Akamwita mumewe, "Njoo umuone kijana aliyenisaidia nisilale Korogwe!" Wakaniwekea mkeka, wakaniletea ugali na kisamvu. Nilikuwa nimepanga kusema kwamba kifurushi nimeletewa na abiria. Nikampa kanga, naye akazifungua mapajani, akazinusa.

"Kwa hiyo treni ilikuja," akasema.

"Ilikuja, mama."

"Siku ileile?"

"Siku ileile."

"Nawe ulijua itakuja?"

Tonge lilikuwa mkononi mwangu. Nikalirudisha kwenye sahani. "Nilijua. Gari lilikuwa limebakiza siti moja."

Mzee akakohoa, akatazama pembeni. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea kwa moyo mmoja. Yeye aliuliza kitu kimoja tu: "Amekonda?"

Nikamweleza kila nilichokumbuka. Kwamba hakukonda sana. Kwamba alikuwa na kitambaa cha kijani kichwani, macho anayakunja, na sauti yake ni kama ya dada yake. Kwamba alimtazama kila aliyepita. Alikuwa ananisikiliza huku ameinamisha kichwa, na nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuona aibu, kwa sababu nilikuwa namsimulia mtu jambo alilopaswa kuliona kwa macho yake mwenyewe.

"Alisema nini?"

"Alisema nikwambie amekusubiri."

Akainuka na kanga zake, akaingia ndani, asitoke tena. Mzee akanisindikiza hadi barabarani. Basi lilipokaribia ndipo aliposema, "Usirudi tena hapa, kijana." Nikasema, "Sawa, mzee."

Wiki ileile niliacha kupiga debe. Siku hizi nauza mbegu na dawa za mifugo sokoni Handeni. Miezi kadhaa baadaye yule kondakta aliniambia kwamba mdogo mtu alirudi kwa basi, macho yamepona, na dada yake akampokea stendi kwa vigelegele. Alidhani habari hiyo itanifurahisha, na ni kweli nilifurahi kwa ajili yao. Lakini nilishindwa kumtazama usoni mpaka alipoondoka dukani.

Mke wangu huwa ananiuliza kwa nini niliacha kazi ya Korogwe. Nimemwambia ni vumbi.