Dresa wa Kisiwa cha Karantini

Katika mwalo ule wa Ilemela, bandari ndogo ya wavuvi kando ya ziwa, watu walikuwa wameshamzoea Mzee Gidion Ooko na Uarabuni yake. Ukimpa kigoda na kikombe cha chai ya rangi, hujamaliza kumwamkia yeye ameshafika Adeni. Vijana wa mitumbwi walimwita Mzee Karantini, naye aliitika, maana hakuona tusi katika jina hilo. Alikuwa na miaka sabini na mitano, mrefu, mgongo umenyooka, na kila asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi ya mkaa hata kama hakuwa na safari.

Mambo aliyoyasimulia yalikuwa ya kweli. Alizaliwa Shirati, akaandikishwa katika jeshi la Mwingereza pale Musoma mwaka 1941, akavushwa hadi Adeni. Huko alifundishwa udresa: kufunga vidonda, kuchemsha sindano, kupima homa. Vita vilipokwisha wenzake walirudi makwao. Yeye aliombwa abaki miaka mitatu katika kisiwa kimoja kidogo cha Bahari ya Shamu, ambako meli za mahujaji zilisimamishwa ili abiria wakaguliwe maradhi kabla ya kuendelea na safari ya Jidda.

Kisiwa kile hakikuwa na mto wala mti wa maana. Maji ya kunywa yalitoka kwenye mtambo uliochemsha maji ya bahari, na kila mtu alikuwa na kipimo chake. Serikali nzima ilikuwa Mwingereza mmoja mwenye masharubu mekundu. Ndiye hakimu, ndiye posta, ndiye mkuu wa polisi kumi na wawili wa Kiarabu, na jioni ndiye aliyewalisha kuku wake mwenyewe. Asubuhi ilipandishwa bendera, ukafuata ukaguzi wa vyoo, kisha kesi za mbuzi walioibwa. Meli ikitia nanga, Ooko alisimama mlangoni pa karantini na daftari. Mahujaji walipita mmoja mmoja: jina lako nani, umetoka wapi, tumbo lako likoje? Nguo zao ziliingizwa kwenye mvuke, wenyewe wakaoga, wakapewa maji.

"Bwana yule aliniita boi mpaka siku niliyoondoka," Mzee Ooko alipenda kusema. "Lakini mlango ule niliulinda mimi."

Kilichomjaza fahari zaidi kilitokea mwaka wake wa pili. Bwana aliugua, akachukuliwa na boti kwenda Adeni. Kesho yake ikaingia meli yenye kipindupindu. Siku kumi na tisa kisiwa kile kiliendeshwa na Ooko na sajini mmoja wa Hadhramauti, abiria wakiwa mia tisa. Walikufa saba. Lakini hapa ndipo vijana walipoona mzee ametia chumvi nyingi.

"Mwingereza akuachie kisiwa wewe?" walimcheka. "Mzee, leta kikombe tukuongezee chai."

Naye alileta kikombe. Baada ya kurudi kutoka Uarabuni alifanya kazi hospitalini Mwanza hadi alipostaafu, akajenga nyumba ya vyumba vitatu juu ya mawe ya Ilemela, na kuchekwa hakukumpunguzia kitu.

Miaka ile ya tisini mwalo ulikuwa umefura. Biashara ilikuwa imefunguliwa, viwanda vya minofu ya samaki vilitaka sangara usiku na mchana, na malori ya barafu yalipanga foleni. Watu walikuja kutoka Mara, Bukoba, Kigoma, wakalala kwenye vibanda vya maturubai. Vyoo vilikuwa viwili, kimoja kimebomoka. Mwisho wa mwaka 1997 zikaja mvua zile kubwa, maji yakaosha kila kilichokuwa juu ya kilima na kukimwaga ziwani, pale pale watu walipokuwa wakichota.

Mtu wa kwanza aliugua Jumanne, akihara na kutapika. Alhamisi walikuwa tisa, na wawili wameshazikwa. Mtendaji wa kata, kijana aitwaye Revocatus, aliitisha mkutano.

"Naomba askari waje wauzungushie mwalo," alisema. "Asitoke mtu."

Kabla hajamaliza, nusu ya mkutano ilikuwa imegeuza nyuso kuelekea kwenye mitumbwi. Mzee Ooko aliiona hofu ile ya nyuso zinazogeuka, akaijua. Aliwahi kuiona kwenye sitaha ya meli. Akasimama.

"Mtendaji, ukimfungia mtu mwenye kiu na hofu, ataogelea. Leo usiku watatawanyika visiwani, na ugonjwa watakwenda nao. Usianze kufunga watu. Anza kufunga maji."

"Kufunga maji vipi, mzee? Hili ni ziwa!"

"Asichote mtu kunywa. Tuchemshe sisi, tugawe sisi. Mtu akiwa na uhakika wa maji na wa nduguye kuuguzwa, atakaa. Nimelifanya jambo hili kabla wewe hujazaliwa."

Safari hii hakuna aliyecheka. Revocatus alimtazama mzee, akaitazama karatasi yake, akaikunja. "Tuongoze, baba," alisema.

Mzee Ooko alimwendea kwanza Justa, mama lishe mwenye sauti iliyosikika hadi kwenye malori. "Mama, nakupa mapipa sita na kuni. Maji yatokote, yapoe yakiwa yamefunikwa. Asichovye mtu kikombe chake. Utaweza?"

"Shikamoo kwanza, baba," alisema Justa.

"Marahaba."

"Nitaweza. Atakayechovya nitamchovya yeye."

Maturubai mawili yalihamishiwa upande upepo unakoelekea, mbali na maji, yakawa wodi. Mashimo yakachimbwa, chokaa ikamwagwa. Kwenye kijia cha kuingilia mwalo mzee aliweka meza na daftari. Kila aliyeingia au kutoka alitaja jina na kuulizwa habari za tumbo lake, na mitumbwi iliruhusiwa kuondoka baada tu ya wavuvi wake wote kukaguliwa. Maji ya sukari na chumvi aliyakoroga mwenyewe, kama alivyojifunza hospitalini, akawafundisha wanawake wanne hadi wakaweza bila yeye.

Siku ya nne alikuja Ngosha, mwenye mitumbwi mitano, mtu wa kifua. Injini ya mtumbwi wake ilikuwa tayari inanguruma. Mzee aliingia majini hadi magotini na suruali yake ya pasi, akashika ukingo wa mtumbwi.

"Watu wako hawajapita mezani."

"Mzee, niache. Lori linanisubiri kesho alfajiri."

"Chini ya turubai hilo mtumbwini kuna nani?"

Ngosha alifoka. "Umetugeuza mahujaji wako? Ukoloni ulikwisha!"

"Ulikwisha, na mimi nilicheza ngoma siku ile," Mzee Ooko alijibu taratibu. "Lakini kipindupindu hakikuletewa barua ya uhuru. Mtu yule ana jina?"

Mmoja wa wavuvi ndiye aliyejibu. "Anaitwa Masalu. Ni mdogo wake Ngosha. Ameanza kuhara tangu usiku."

Basi ikajulikana kwamba Ngosha hakuwa akikimbilia samaki tu. Aliwahi kusikia kwamba anayeingia wodini hatoki, akataka kumrudisha mdogo wake kwa mama yao, kisiwani. Mzee hakumkemea. Alipanda mtumbwini, akamwinua Masalu, akamtilia kijiko cha kwanza cha maji mdomoni huku matapishi yakimchafua shati.

"Kaa naye mwenyewe," alimwambia Ngosha. "Kijiko baada ya kijiko, usihesabu saa. Mimi nitakuwa hapa."

Ngosha alizima injini. Siku tatu baadaye Masalu aliomba ugali.

Wiki tano zilipita. Waliougua katika mwalo ule walikuwa hamsini na wanane. Baada ya meza kuwekwa hakufa hata mmoja. Daktari mmoja wa mkoa, mama mfupi wa haraka haraka, alikuja akakagua mapipa, mashimo na daftari, akafungua kurasa zake.

"Mpango huu umetoka wizara gani?" aliuliza.

"Umetoka kwa mzee wetu," alisema Revocatus. "Aliendesha kisiwa Uarabuni."

Alitamka hivyo mbele ya wavuvi wote, kama mtu anayetaja jambo linalojulikana. Mzee Ooko aligeuka akajifanya anaangalia ziwa. Kisha akasema. "Mwandikeni Justa kwanza. Mimi niliketi mezani tu. Yeye ndiye aliyesimama na moshi."

Januari mvua zilipopungua, walimtaka awe mwenyekiti wa mwalo. Alikataa uenyekiti, akadai vyoo vinane. Ngosha alileta mawe kwa mitumbwi yake, safari kumi na moja, na mzee alishinda pale shimoni na ufito wa kupimia, akiwarudisha wachimbaji chini kila walipodhani wamemaliza.