Risiti ya Kodi Kutoka Amerika

Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, siku ya Jumatano, karani wa posta aliponikabidhi barua ya mdogo wangu. Niliisomea kwenye veranda ya duka la Mhindi hapa Nakuru, nilipokuwa nimekodi nafasi ya cherehani moja.

Mdogo wangu alikuwa Amerika akisomea udaktari wa mifugo. Kushona nilimfundisha mimi. Aliandika kwamba jioni huwafupishia wanafunzi wenzake suruali chumbani mwake, nao humlipa. "Kaka," aliuliza, "nifanyeje pesa hii iwe halali?"

Fundi viatu aliyekaa karibu nami alicheka. "Mwambie alipe kodi mapema! Ama umesahau ile siku ulilala ndani na futi yako ya kupimia shingoni?"

Sikuwa nimesahau. Miaka ile ya ukoloni, Mwafrika aliyesimamishwa barabarani bila risiti ya kodi alikamatwa. Mwenye risiti aliambiwa apite. Nilikuwa nimejisomea sheria za leseni na kodi kwa vitabu vya kuazima, nikaamini serikali zote hufikiri hivyo. Jibu langu lilikuwa kurasa mbili, kila shauri na namba yake. Kwanza, jiandikishe kama fundi anayejitegemea. Pili, lipa kabla hujaulizwa. Tatu, afisa yeyote akikuita, mwonyeshe risiti kabla ya kitu kingine chochote.

Sikumwuliza viza yake ilisema nini. Ilimkataza mwanafunzi kufanya kazi bila kibali. Karatasi ya masharti hayo alikuwa ameitia sahihi, lakini yeye, kama mimi, alidhani kinachokatazwa ni kuandikwa kazi na tajiri.

Ofisi ya kodi ilipokea pesa zake bila kumwuliza habari za viza. Akiwa amebakisha mwaka mmoja, alikwenda ofisi ya uhamiaji kuomba muda zaidi. Alitoa risiti kabla ya pasipoti. Afisa aliisoma mara mbili, kisha akamwuliza ni nani aliyemruhusu kushona.

Nilimpokea stesheni ya reli, amerudishwa kabla ya kumaliza masomo. Alikuwa na sanduku moja.

"Yule afisa hakuwa mkali, kaka," alisema. "Hata alinisifu kwa kulipa."

"Na wewe kwa nini ulimwonyesha?"

Alinitazama kwa mshangao. "Si uliniandikia?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Jumamosi tulipanda milimani kwenda kwa baba, kijijini Keringet. Mzee hakuuliza habari za shule. Alitupeleka moja kwa moja zizini, kwa ng'ombe aliyekuwa amelala tangu juzi, akawaita majirani waje waone. "Haya, daktari," alisema, "huyu ana nini?"

Mdogo wangu alipiga magoti, akamshika masikio, akampapasa tumbo. "Baba," akasema, "hapo sikufika."

Majirani waliondoka mmoja mmoja. Ng'ombe alikufa Jumapili. Baba hakumwita mwanawe daktari tena, hata kwa utani.

Baadaye mdogo wangu aliandikwa ukarani wa kupima maziwa, na ndiyo kazi anayofanya hadi leo. Mimi nilichukua miaka minne kupata moyo wa kumwuliza kodi yenyewe ilikuwa kiasi gani. Alijibu bila kufikiri: dola kumi na moja na senti arobaini. Niliigeuza kwa pesa za hapa, kwa bei ya dola ya siku zile. Ni shilingi themanini na moja na senti arobaini.