Nilisoma Kama Lilivyoandikwa

Watoto walikuja na sahani. Wengine walikuja na bakuli, wengine na vikombe vya plastiki, na mmoja alikuja na kifuniko cha sufuria, maana kwao sahani zilichukuliwa na kaka zake. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, uwanja wa kanisa letu hapa Litapunga. Mimi nimesimama mlangoni na kitenge changu cha kutokea, sina sufuria, sina mwiko, sina hata ukuni mmoja. Nyuma ya watoto wamesimama mama zao. Nyuma ya mama zao ukaingia mkokoteni wa ng'ombe kutoka upande wa wafugaji, umepakia watoto wa boma zima, kila mmoja na bakuli mapajani, wametulia kwa adabu kama watu wanaokwenda harusini.

"Bibi," akaniuliza mmoja, "tunaanza wadogo au wakubwa?"

"Kuanza nini?"

"Kula."

Nami nilikuwa nikijiuliza hilohilo, kwa sababu hata mimi nilikuja kula. Ndipo akafika katibu wa kamati ya watoto na baiskeli yake. Kwenye keria alikuwa amefunga boksi la biskuti, juu amelitoboa tundu refu jembamba. Watoto wakalizunguka. Aliyewahi kuchungulia akawageukia wenzake akasema, "Hamna kitu. Wametuletea hewa."

Katibu akaangalia sahani, akaniangalia mimi.

"Mama mpishi, hawa umewaambia nini?"

"Nimewasomea tangazo lako."

"Tangazo langu? Mimi nimeandika mambo ya uchaguzi! Watoto wachague viongozi wao! Wewe umewaita kwenye msosi?"

Halafu akacheka. Angenitukana ningemjibu, lakini alicheka, akawageukia wazazi, akaweka mkono kifuani. "Ndugu zangu, mnisamehe. Kosa ni langu. Nilimpa tangazo mtu asiyejua kusoma."

Nimenusurika mengi mimi. Nilinusurika kipindupindu nikiwa mtoto. Nilinusurika tembo kule Sitalike, aliyeingia kwenye mahindi ya shemeji yangu nami nikamfokea muda mrefu nikidhani ni shemeji amerudi kalewa. Nilinusurika ndoa ya miaka kumi na tatu. Lakini neno lile alilolisema katibu mbele ya wale watoto na sahani zao, hilo bado halijanitoka.

Sasa nirudi nyuma mjue ubaya ulianzia wapi, na ni wa nani, maana watu wa hapa wanapenda kusema ubaya umekuja wenyewe.

Wa kwanza ni baba yangu. Alinitoa shule darasa la tatu nikalee mdogo wangu. Amekwisha kufa, simdai. Tangu hapo herufi zikanitoka kichwani moja moja, kama kuku wasiofungiwa, mpaka nikabaki na zile za jina langu. Nikalima, nikazaa, nikaachika, nikapata kazi ya kupika uji na maharage shule ya msingi, na ni hapo jikoni nilipoanza upya. Kila siku walikuwapo wanafunzi waliochelewa, wametolewa nje, wanakuja kuota moto kwangu. Nikawaambia, bure hakuna: mtu akitaka moto anisomee neno moja kwenye gunia. Ndivyo nilivyosoma. Nilijua UNGA kabla ya kulijua tena jina la kijiji changu. Baada ya miaka miwili hivi nikawa nasoma kitabu kizima cha watoto, kwa kidole, kwa sauti, mwiko mkono wa pili. Siku moja yakaungua maharage ya shule nzima, mimi niko kwenye ukurasa wa kuku aliyegoma kutaga, siwezi kumwacha hapo. Mwalimu mkuu akaonja, akatema, akasema, "Mama, haya maharage umeyapika au umeyasoma?"

Basi kanisani likaja sanduku la vitabu vya watoto, zawadi. Likakaa na kufuli yake, vitabu vinaliwa na mchwa, kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa na watoto Jumamosi. Walimu wana mashamba, kwaya ina mazoezi. Nikasema nipeni mimi. Wakanipa ufunguo haraka sana.

Siku ya kwanza nikawaambia watoto, "Haya, kila mtu atoe karamu yake."

Wakatazamana. Kitoto kimoja kikanyoosha mkono. "Bibi, karamu hatuna. Tumekuja na kalamu."

Wakaanguka kwa kicheko. Nikasema kwa ukali, "Nyamazeni! Kila mtu akae mahari pake!" Hapo ndipo waliposhika matumbo kabisa. Mmoja wa wafugaji akasema, "Mahari yangu ng'ombe, bibi. Nikaeje?"

Sisi tuliolelewa kwa Kirundi ulimi wetu haujazoea L. Ukiutuma L unakuletea R, kama muuza duka asiye na chenji anavyokupa pipi. Utu uzima wangu wote nimesema kurara, mrango, mahari, na hakuna aliyenicheka, kwa sababu nilioishi nao wote walikuwa wanarara na kufunga mrango kama mimi. Wale watoto ndio walionicheka. Nami nikakasirika, halafu nikaona aibu, halafu nikasema, basi nifundisheni nyie.

Wakanifundisha. Kila Jumamosi, kabla ya hadithi, wananisimamisha mbele. Kiongozi wao alikuwa kabinti kasiko na meno ya mbele, kenyewe hakawezi kusema S.

"Weka ulimi juu, bibi. Kama unalamba athali. Themaa: lala."

"Rara."

"Bado. Bibi amekothea. Rudia."

Nilirudia jikoni, nilirudia njiani, nilirudia mpaka jirani akaja kuuliza kama nimeanza kunena kwa lugha. Nikajifunza pia kuzitazama hizo herufi mbili zisinidanganye. L ndogo ni kijiti kimenyooka, hakina deni na mtu. R ndogo ni kijiti kimeinamisha kichwa, kama anayetafuta sindano. Ukiona kimenyooka, ulimi juu. Ukiona kimeinama, uache ulimi ujiendee wenyewe. Baada ya mwaka nikasema "mlango umelala mahali pale" bila kosa hata moja. Kabinti kakanipigia makofi.

Ndipo akaja katibu. Ilikuwa Jumapili, kabla ya ibada. Ni mtu wa wino, mfukoni ana peni tatu, na mwandiko wake ni mzuri kweli, huo siwezi kuusema vibaya. Akaniita pembeni.

"Mama mpishi, naenda msibani Mpanda, nawahi basi. Si unajua kusoma wewe siku hizi? Nisomee tangazo la watoto."

Moyo wangu ulifanya hivi: puu! Sijawahi kusimama mbele ya watu wazima na karatasi. Nikamuuliza, "Nisome vipi?"

"Soma kama lilivyo. Usiongeze, usipunguze."

Mmesikia. Usiongeze, usipunguze. Ni maneno yake, na aliyekuwa karibu ni mwenyekiti wa kamati, anafunga kamba za viatu. Alisikia, hata kama sasa anasema kamba zilimshughulisha.

Saa ya matangazo ikafika. Nikasimama. Karatasi ina wino mwekundu, herufi nene nene. Nikaweka kidole, nikaangalia vijiti. Vyote vimenyooka. Nikapandisha ulimi nikasoma:

"Jumamosi saa nne watoto wote wafike kwa ajili ya kula. Kila mtoto ana haki ya kula. Kula ni moja tu kwa kila mtoto. Mtoto asichungulie mwenzake wakati wa kula. Watoto wadogo watasaidiwa. Mzazi asimlazimishe mtoto. Baada ya kula, matokeo yatatangazwa."

Nilivyozitoa zile L, mwenzangu! Kabinti kangu kwenye benchi la mbele kaliniinulia kidole gumba.

Nyuma ya kanisa mzee mmoja wa wafugaji akasema kwa sauti, "Hapo pa kuchungulia wamesema kweli. Wangu huyu huchungulia mpaka chungu cha watu wengine."

"Lakini matokeo ya nini?" akauliza mama mmoja.

"Ya nani kashiba," mwingine akamjibu.

Mtaniuliza, na wewe hukushangaa? Sikushangaa hata kidogo. Mimi mpishi wa shule. Kila siku ya Mungu sheria ni hizohizo: kikombe kimoja tu kila mtoto, usichungulie cha mwenzako, wadogo wasaidiwe. Nikaona huyu katibu ni mtu anayejua jiko. Nikajua watapika akina mama wa kwaya, kama kawaida ya sherehe za kanisa, na kwa mara ya kwanza maishani nitakwenda penye chakula bila kushika mwiko. Ndiyo sababu ya kile kitenge cha kutokea.

Baada ya ibada mwenyekiti akanipokea ile karatasi, akamtunzia mwenzake. Habari ikatembea wiki nzima. Jumamosi alikuwapo hata mama mmoja aliyetoka Kasokola na wajukuu wanne, eti alisikia kwa dada yake.

Basi rudini nami uwanjani. Katibu amekwisha kunitangaza kuwa sijui kusoma. Watoto wananiangalia mimi. Nawaambia ukweli: nilimwamini. Nilijisemea, mwanamke wewe, vijiti vimekudanganya, hukuona kichwa kilichoinama. Mwaka mzima wa kulamba asali na bado ni yule yule wa darasa la tatu. Kabinti kakanishika kitenge kakasema, "Bibi, mbona ulithoma vizuri?"

Nikaenda nyumbani nikaleta unga wangu na sukari yangu. Akina mama wa kwaya wakaleta masufuria, wakawasha moto, nikashika mwiko na kitenge changu cha kutokea. Katibu akasema uji ukiwa unaiva uchaguzi uendelee. Akagawa vikaratasi, kila mtoto aandike jina la anayemtaka awe kiongozi, atumbukize kwenye boksi. Wakaandika huku wananusa. Wakatumbukiza. Katibu akafungua boksi, akapandisha sauti watu wote wasikie:

"Kula ya kwanza!"

Watoto wote wakainua sahani. "Hapaaa!"

"Shusheni! Kula ya kwanza inakwenda kwa..." akakikunjua kikaratasi. "Uji."

Akachukua kingine. "Kula ya pili!" Sahani zikapanda tena. "Uji." Ya tatu, uji. Ya nne ilikuwa ya wali, na mwenye nayo akazomewa. Uji ulishinda kwa mbali, na mpaka leo ndio kiongozi wa watoto wa Litapunga.

Watu wanacheka, mimi mwiko umenigandia hewani. Maana nilikuwa nimelisikia. Katibu wazazi wake walishuka huku na ng'ombe wao kutoka Usukumani, na ulimi wao ni kinyume cha wetu: sisi L inatushinda, wao R ndiyo inayowashinda. Nikauacha uji, nikamwendea.

"Katibu, sema tena hivyo unavyohesabu."

"Kula."

"Na watakachofanya hawa na sahani zao?"

"Kula."

"Ni neno moja hilo?"

"Mama, usinipotezee muda. Kula ni kula."

Mwenzangu, hapo akina mama wa kwaya walikaa chini. Yule mzee mfugaji, Msukuma mwenzake, alicheka mpaka akaegemea mkokoteni, akamwambia, "Mwanangu, umetuumbua." Nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Ningesoma kwa ulimi wangu mbovu wa zamani, ule wa karamu na mahari, ningetamka "kura," na asingekuja mtoto hata mmoja na sahani. Nimeharibu kwa sababu nilisoma sawasawa!

"Nipe ile karatasi," nikasema. "Tuisome hapa, mbele ya hawa."

"Iko kwenye faili."

"Faili liko wapi?"

"Nyumbani."

Na mfukoni mwake, nyuma ya zile peni tatu, naona wino mwekundu unanichungulia. Nikanyoosha kidole. Akafunika mfuko kwa kiganja, kama mtu anayeimba wimbo wa taifa. Mwenyekiti akakohoa, akaingia katikati. "Mama, yaishe. Watoto watashiba. Nini tena?"

Hayakuisha. Jumapili iliyofuata likatolewa tangazo, hilo hawakunipa mimi: ufunguo wa sanduku la vitabu apewe mama mmoja wa kwaya aliyefika kidato cha nne, "kwa kuwa kazi ya watoto inataka mtu anayejua kusoma." Mama wa watu sina ugomvi naye. Lakini anasoma mbio kama anafukuzwa, na kwenye kuku hasomi kwa sauti ya kuku. Watoto wanalala. Jumatatu wanakuja dirishani kwangu jikoni: "Bibi, lini tena?" Vijana wa bodaboda wananiita Mama Kula. Hata yule mwalimu mkuu, mtu wa vitabu, aliyekuwapo na kunywa uji wangu vikombe viwili, alipoulizwa kama najua kusoma alisema yeye si mjumbe wa kamati.

Unga wangu sidai. Kuchekwa nimezoea. Nataka ufunguo wangu, na siwezi kuupata mpaka lile neno litolewe pale lilipowekwa, mbele ya watu.

Kwa hiyo wewe, ndugu katibu, na wewe mwenyekiti uliyeishika karatasi kwa mkono wako ukamrudishia: Jumapili hii, saa ya matangazo, mje nayo. Isinakiliwe upya, nitaujua wino wake. Usimame wewe mwenyewe, katibu, uiwekee kidole kama mimi, watoto wakiwa benchi la mbele, na mzee wa mkokoteni naye tutamwita. Usiongeze, usipunguze. Halafu uwaambie watu, kijiti kile, herufi ya tatu ya lile neno, ulichoandika kwa mkono wako kimenyooka au kimeinama? Jibu hilo moja tu. Jibu.