Bunduki ya Jakaranda

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane, miaka zaidi ya arobaini iliyopita, nilimpoteza mdogo wangu Mutua. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mikononi alikuwa amebeba bunduki ya mti, na bunduki hiyo niliichonga mimi.

Nimeanza na hilo, mwanangu unayesoma, usije ukasema nilikuficha. Mimi ni mchongaji. Nilisoma hadi darasa la saba, na mengi ninayoyajua yalipitia mikononi kabla ya kufika kichwani. Naandika haya Jumanne mchana, nimekaa kwenye kiti karibu na geti la ploti yetu hapa mtaa wa Umoja. Mjukuu wangu Mwende ameenda mjini kwenye maandamano tangu asubuhi, na kila mara geti likilia nainua macho.

Siku zile tulikuwa tukifanya kazi Pumwani, kwenye banda la mabati karibu na Majengo. Wengi tulikuwa watu wa Ukambani, na katika banda letu kulikuwa na sheria moja: anayechonga hapigi msasa kazi yake mwenyewe. Unamchonga twiga kwa tezo, kile kishoka cha kuchongea, kisha unampa mwenzako aliyekaa mbele yako, magoti yenu yamekaribia kugusana. Yeye ndiye anayepapasa na kuona pale ulipokosea, maana wewe umeshaipenda kazi yako na macho yako hayakwambii ukweli.

Aliyekaa mbele yangu alikuwa Mutua, kwenye kigoda kifupi chenye mguu mmoja uliolegea. Alianza na msasa mkali, akamaliza na ule laini, kisha akapuliza vumbi. Alilipuliza usoni mwangu makusudi.

"Huyu twiga ana goti la mzee," alikuwa akiniambia. "Nimtafutie mkongojo?"

Mpaka leo nikimaliza kuchonga, mkono wangu hunyooka mbele kumpa mtu, halafu ndipo nakumbuka.

Tulichonga jakaranda, mti mwepesi, mweupe ndani. Lakini wageni walitaka mpingo, kwa hivyo tulipaka rangi nyeusi ya viatu na kusugua kwa kitambaa mpaka mti ung'ae. Si jambo la kujivunia, lakini ndivyo tulivyokula. Mikono yetu ilijua kukifanya kitu kionekane kile ambacho sicho.

Sasa, siasa. Miaka ile watu wazima walizungumza siasa kwa sauti ya chini, wakitazama mlango. Sisi vijana tulikuwa na midomo. Mimi ndiye niliyekuwa na mdomo mkubwa kuliko wote bandani. Nilisema wanasiasa wote ni wezi na nchi hii haitasafishwa ila na wanajeshi. Niliwaona wanajeshi wakipita kwenye malori, mikanda imekaza, viatu vinang'aa, nikadhani usafi wa viatu ni usafi wa moyo. Sikujiuliza hata mara moja, wakishachukua nchi, ni nani atakayewaambia sasa basi, rudisheni.

Kwa mapenzi hayo nikachonga bunduki. Niliichonga kidogo kidogo baada ya kazi, na Mutua akaipiga msasa jinsi alivyopiga kila kitu, bila haraka. Tukaipaka rangi ya viatu, tukaitia mkanda wa begi kuukuu. Ukiishika ndipo ungejua ni mti. Ukiwa hatua kumi hivi, hungejua.

Alikuwako mzee mmoja wa Majengo, Mzee Salim, muuza kahawa, mtu wa asili ya pwani. Ujanani alichukuliwa kwenda kupigana vita vya Wazungu ng'ambo, akarudi na kikohozi ambacho hakikumwacha. Alipita bandani kila alasiri na birika lake. Siku alipoiona ile bunduki, aliweka birika chini.

"Nani kaifanya?"

"Mimi, Mzee. Msasa ni wa Mutua."

Aliigeuza, akaipima mkononi. "Mmeitengeneza vizuri. Hiyo ndiyo kasoro yake."

Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Mimi ya kweli nimeibeba miaka minne," alisema. "Mtu akikuona nayo toka ng'ambo ya barabara, haji kukuuliza ni ya mti gani. Itieni motoni, wanangu. Mimi nitachemshia kahawa."

"Mzee, wewe ulipigania Wazungu," nilimwambia. "Hawa ni wetu. Wakichukua nchi watatupigania sisi."

"Na wakikupigania, wewe utakuwa unafanya nini?"

Nikamwambia kahawa yake imepoa, na banda zima likaangua kicheko. Mzee Salim aliokota birika akaenda zake. Nimekumbuka mgongo wake mara nyingi, na ile kofia yake yenye jasho pembezoni.

Halafu ikaja Jumapili hiyo. Alfajiri redio ilitangaza kwamba wanajeshi wameipindua serikali. Watu walitoka nje wakavunja matawi kwenye nyua, wakayapunga barabarani kama watu wanaopokea harusi. Mutua alikuwa anapiga pasi shati la kwaya, na hili lazima niliseme, hakutaka kwenda.

"Tupitie kanisani kwanza," aliniambia.

"Leo kanisa liko barabarani," nikamjibu, nikamtilia bunduki mikononi.

Tulifika barabara kuu ya kwenda mjini. Lori la wanajeshi lilipita, Mutua akainua bunduki, na wale wanajeshi wakacheka. Mmoja alimpigia saluti. Mwanangu, sijamwona tena mtu mwenye furaha kama ile ya ndugu yangu aliyepigiwa saluti na mwanajeshi wa kweli. Hata mimi nililia. Nilihisi nina nchi.

Baadaye lilikuja lori jingine, likitokea upande mwingine. Kwa macho yetu nguo zilikuwa zile zile. Hatukujua kwamba mambo yamegeuka, wala kwamba hawa ni wa serikali, wakiwasaka wale wa kwanza. Mutua alikuwa amechoka, bunduki ameilaza begani kama mtu anayetoka shambani na jembe. Mimi ndiye niliyempigia kelele toka upande wa pili wa mtaro.

"Mutua! Wengine hao! Inua!"

Akainua, kwa sababu nilimwambia.

Sikuona ni nani aliyefyatua. Nilisikia milio, nikajitupa mtaroni, nikakaa humo uso kwenye maji machafu. Nilipoinua kichwa, lori lilikuwa limekwenda na ndugu yangu alikuwa amelala juu ya matawi ya watu.

Siku tulipoweza kutoka nyumbani, Mzee Salim alinisindikiza chumba cha maiti kumchukua Mutua. Alinishika mkono kama mtoto, na wala hakunikumbusha alichoniambia. Tulimzika Mutua nyumbani Ukambani na lile shati la kwaya. Siku ya arobaini, Mzee Salim alikuja bandani na kitu alichokifunga kwa gunia. Alikuwa amekiokota mtaroni Jumapili ile ile.

"Sikuichoma," alisema. "Si yangu kuichoma." Kisha akaongeza, polepole, akitafuta pumzi: "Siku nyingine ukimwita mtu, uwe unajua utamrudishaje kwao."

Hilo ndilo karipio pekee aliloniachia. Amekwisha kufa siku nyingi, na bado nalisikia.

Tangu hapo bunduki ilikaa chini ya kitanda changu. Marehemu mke wangu alijua iko pale, hakuigusa. Wengine hawakujua. Jana alasiri Mwende alinikuta nikichonga kwenye veranda, akavuta ndoo akakaa.

"Babu, si unichongee bunduki. Kubwa hivi, inakaa ya ukweli."

"Ya nini?"

"Kesho tuko mjini. Tutaigiza pale mbele, mimi ndio mwanajeshi, napindua wakubwa wote. Hiyo video itaenda mbali, Babu, utaniona kwa simu za watu."

"Na wewe unataka jeshi lipindue?"

"Afadhali jeshi kuliko hawa. Hawa wametuzoea."

Niliweka tezo chini. Ilikuwa sauti yangu, mwanangu. Miaka yote hiyo, na sauti yangu ilikuwa imenirudia ikiwa na nywele za kusuka na simu mkononi. Niliingia ndani nikatoa gunia. Alipofungua aliruka kidogo nyuma, akadhani ni ya kweli. Kisha akaishika, akaisikia ilivyo nyepesi, akatabasamu. Nikamsimulia kama nilivyokusimulia wewe. Mwisho aliuliza tu, "Babu, alikuwa anaimba sauti gani?"

Ya tatu ya kwaya, nikamwambia. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

Sasa nikwambie ninavyoamini, na ukikataa, kataa. Hasira ya vijana wa leo ni ya haki. Wakubwa wanapita na ving'ora, sisi tunaruka mitaro iliyoziba. Serikali inayomjibu kijana kwa bunduki anapoiuliza swali, ni kwamba haina jibu. Haya nayasema hadharani, na jina langu wanalijua hapa mtaani.

Lakini sitaki jeshi litawale nchi hii, hata kwa siku moja, hata likija na ahadi tamu. Kiongozi mbaya naweza kumzomea kwenye baraza, na siku ya kura nikampiga chini. Mwenye bunduki utamzomea kutoka wapi? Mwanajeshi kazi yake ni mpakani, na kwenye mafuriko akiokoa watu juu ya paa. Hapo nitampigia saluti mimi. Kumwita atutawale ni uvivu. Naujua uvivu huo kwa sababu ulikuwa wangu. Nilitaka mtu mwenye nguvu anifanyie kazi yangu, halafu mimi nipunge tawi. Mzee Salim aliniuliza nitakuwa nafanya nini, na jibu la kweli lilikuwa: nitakuwa nacheza.

Kazi yenyewe haina saluti, mwanangu. Ni kwenda kwenye mkutano wa wadi wakati kuna jua na viti havitoshi, uulize ule mtaro utazibuliwa lini, na juma lijalo urudi uulize tena. Ni kumjua jirani yako kwa jina kabla hujamjua kwa kabila. Ni kupiga kura na kukesha na kura yako. Na ikibidi kwenda barabarani, nenda ukiwa wazi, mikono ionekane, usibebe kitu kinachofanana na kile unachokipinga. Mimi sikufanya haya mapema. Baada ya Mutua nilijifungia miaka mingi, nikaita woga wangu busara. Hilo nalo ni kosa, na sitaki ulirithi.

Sikumkataza Mwende kwenda. Nilimuuliza jambo moja: "Mmepanga kwenda vipi, najua. Mmepanga kurudi vipi?"

Kwenda walikuwa wamepanga kila kitu, mabango, nyimbo, maji. Kurudi, hakuna. Basi akakaa pale pale akawapigia wenzake mmoja mmoja, wakapatana wakutane stendi ya Muthurwa kabla ya saa kumi, wahesabiane, na asiondoke mtu mpaka wa mwisho aonekane. Mmoja alimcheka, nikasikia kwenye simu: "Wewe umekuwa mamangu?" Mwende akamjibu, "Ee, leo mimi ndio mamako. Saa kumi, usinichoshe."

Kisha aliitazama tena ile bunduki. "Naweza kuitoa hii rangi?"

Kila sehemu ya ule mti ilipitiwa na kidole cha ndugu yangu. Lakini nilileta kigoda chake, kile chenye mguu uliolegea, nikampa msasa mkali. Alikaa mbele yangu, magoti yetu yakakaribia kugusana. Weusi ulitoka kama masizi, na karibu na mdomo wa bunduki ukaonekana mti wenyewe, mweupe kama mkate. Harufu ya jakaranda ilipanda. Nilitazama pembeni kidogo. Alifika nusu, mama yake akamwita kupika.

Basi, mwanangu, uliyesoma hadi hapa, nakuombea. Mungu akupe hasira isiyopofua macho. Akupe wazee wasiokucheka na masikio ya kuwasikia. Nchi hii uipate ikiwa bora kuliko nilivyokuachia, na kila mtu utakayemwita akufuate, umrudishe mlangoni kwao na miguu yake miwili. Amina.

Saa kumi imepita. Saa kumi na nusu, muuza mboga amenisalimia mara mbili, mara ya pili sikumwitikia.

Saa kumi na moja na dakika chache geti limelia. Mwende ameingia na viatu mkononi, macho mekundu ya moshi, sauti imekauka. "Tumerudi wote, Babu. Kumi na wanne," amesema. Amenawa uso kwenye bomba la uani. Kisha ameketi kwenye kigoda, akachukua bunduki na msasa, na kuanzia pale alipoachia jana.