Koti la Mnadani la Abdulla, Muuza Kahawa

Kabla ya adhana ya alfajiri, vikombe vinagongana kidogo ndani ya beseni, katika chumba kimoja cha Gerezani. Abdulla Mbaruk anavisuuza taratibu, maana nyuma ya ukuta amelala mtoto mchanga wa jirani.

Anatia makaa chini ya dele lake la kahawa. Anautazama msumari mtupu ukutani, kisha anatoka na kanzu tu.

"Baridi hii ya Juni kwetu Shihiri, Uarabuni, hatuijui," anasema. "Koti lile lilinifaa. Ndilo lililonitia aibu."

Alilinunua kwenye mnada wa vitu vikuukuu, uwanjani Kariakoo, ambako hutandikwa magunia yenye makufuli yasiyo na funguo, taa, na nguo za mabwana waliorudi Ulaya. Aliupenda uwanja ule kwa sababu hapana aliyemwuliza katoka wapi.

Naye hakuuliza koti limetoka wapi. Mwenyeji angeuliza. Hapa nguo za marehemu hupewa aliyemwosha, na mwoshaji akiwa na shida huziuza mnadani.

Baadaye aliitwa kumimina kahawa kwenye khitma ya arobaini, mtaa wa jirani. Aliinama, koti mwilini, mgongo umeelekea nyumba. Sauti ya mama ikatoka dirishani: "Kondo? Kondo, umerudi?"

Kondo, karani wa reli, ndiye aliyekuwa akisomewa.

"Watu wakanigeukia," anasema Abdulla, macho kwenye dele. "Nililivua, nikaliweka mlangoni, nikaondoka. Vikombe niliviacha mikononi mwa watu."

Asubuhi yake alivikuta nje ya chumba chake, vimeoshwa, vimefunikwa kitambaa safi. Hakujua nani kavileta. Tangu hapo haipiti nyumba ile.

Leo, kwenye baraza ya kwanza, mzee mmoja anaonja na kukunja uso. "Mshihiri, siku hizi kahawa inatufikia imepoa."

"Nazunguka mbali, mzee."

"Unaizunguka nyumba ya Bi Tatu. Kasema uende leo, tena mlango wa mbele. Kinachoona haya ni miguu au wewe?"

Bi Tatu, mama yake Kondo, amekaa mlangoni, koti limelala mapajani. Abdulla anaweka dele chini, hainui macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vikombe vyako vilitimia?"

Sasa anajua nani aliviosha. Anaitikia kwa kichwa.

"Geuka."

Anageuka. Bi Tatu anasimama kwa shida, anamvika koti. Kwapa lililochanika limeshonwa. Mikono imepunguzwa.

"Kondo alikuwa na mikono mirefu," anasema.

"Mama, siwezi kulivaa."

"Umelinunua kwa haki. Mwoshaji tulimpa wenyewe. Aliyeita jina ni mimi, wewe hukumdanganya mtu."

Abdulla anamimina kahawa, nyingine inamwagika kizingitini. Bi Tatu anainywa yote kama hakuona.

Jumapili Abdulla anataka kurudi mnadani kutafuta mfuniko wa dele. "Safari hii nitauliza kwanza ulikuwa wa nani," anamwambia.

Anapoinua dele kuondoka, Bi Tatu anamrudishia kikombe.

"Kesho upite tena, mwanangu. Ukifika pale kona, gonga vikombe, nijue ni wewe."