Sanduku la Mama Zarina

Harufu ya dawa ya nondo hunirudisha Nakuru hadi leo, nyumbani kwa jirani yetu Mama Zarina, Mhindi aliyezaliwa Unguja. Kando ya mlango wake palikuwa na sanduku la bati lililofungwa kwa kamba, na ole wako ukilikalia. Mara kwa mara alianika vilivyomo juani, akavikunja, akavirudisha. Mimi, msichana wa miaka tisa, niliamini anajiandaa kwenda kumsalimia Sultani.

Maana Sultani tulimjua! Mama Zarina alitusimulia huku akikaanga bajia. Kisiwa kilikuwa na mfalme wake na bendera yake nyekundu, Waingereza wakajifanya walinzi, kisha uhuru ukaja.

"Ulikaa mwezi tu," alisema. "Tulilala tuna Sultani, tukaamka tuna Jamhuri. Masika hayajesha, tushaungana na Tanganyika."

Yeye, msichana wakati huo, aliyakimbia mapinduzi kwa meli ya Mombasa, hana ila gauni alilolivaa.

"Kwani sisi tuko na sultani?" nilimwuliza, kampeni za 2007 zikiwa zimepamba moto.

"Nyie mna kura, mwanangu. Palipo na kura mtu hafungi virago."

Kura zikapigwa, matokeo yakatangazwa, na moshi ukapanda upande wa pili wa mji. Mwanawe Mama Zarina akapiga simu kutoka Nairobi: anakuja kumchukua. Sanduku likatolewa barazani. Nililia bila haya, kwa sababu nilimpenda kuliko bajia zake, na hizo nilizipenda sana.

Jioni shangazi yangu akateremka kwenye lori kutoka Kuresoi. Nyumba yake ilikuwa imechomwa. Alikuwa na watoto wawili na leso kiunoni, basi. Mama yangu akakimbilia blanketi. Mama Zarina akakata kamba, akapekua mpaka chini, akatoa chupi mpya, sabuni na kitana.

"Blanketi kila mtu atakupa," alimnong'oneza. "Hivi hakuna anayevikumbuka."

Shangazi, aliyejikaza njia nzima, akaketi sakafuni akalia.

Kesho yake mwanawe Mama Zarina alifika. "Mama, twende, barabara iko sawa saa hii. Sanduku liko wapi?"

"Nimeligawa. Nenda salama, baba. Mimi nakaa."

Nilishangilia, nikidhani amebaki kwa kukosa cha kubeba. Nilikuwa mtu mzima nilipojiuliza chupi zile, ndogo mno kwa Mama Zarina, zilikuwa za nani. Miaka yote ile hakuwa akijipakia safari. Alikuwa akimwekea akiba yule msichana wa melini, na jioni ile akampata, ameteremka kwenye lori.