Waya Iliyohama Kifuani mwa Kaka

Kaka yangu mkubwa alichimba dhahabu Masara miaka mingi kabla saratani haijamziba koo. Hospitalini walimwekea stenti, kimrija cha wavu wa chuma kinachotanuka ili chakula kipite. Daktari alimwambia ale vitu laini tu. Akarudi kwa mama, kijijini Magunga, nami nikafunga duka langu la kinyozi mjini Migori nikaja kusaidia kumuuguza.

Mwezi wa kwanza alikunywa uji bila neno. Wa pili akaanza kusema kuna kitu kinatembea kifuani. Nilimwambia ni wasiwasi.

"Omera, ndugu yangu, wewe huna waya ndani yako," akanijibu.

Akawa mkali. Alivunja viti, akampiga mbwa mgongoni kwa jembe, na mama akazoea kuongea naye akiwa amesimama mlangoni.

Siku hiyo, saa sita mchana, mama alimpelekea uji. Yeye akataka ugali na nyama. Mama alipokataa, kaka alimmwagia sufuria nzima ya uji wa moto. Nilikuwa zizini niliposikia mayowe. Nilipoingia, ngozi ya mkono wa mama ilikuwa imeanza kuchunika, na kaka amemsimamia akimwamuru apike tena.

Nilimpiga. Ngumi ya uso, ngumi ya kifua, na alipoanguka nikamkanyaga mbavu. Alikuwa amekonda, mwepesi kama mtoto. Nililiona hilo na bado niliendelea.

"Mwache," mama alisema. "Utaniulia mtoto."

Kaka akakohoa, akatapika damu, kisha sauti ikakatika. Macho yalimtoka, akawa anajikwaruza shingo. Nilimtia vidole kinywani, nikagusa ncha za waya nyuma ya ulimi. Aliniuma hadi kwenye mfupa. Nilivuta hata hivyo. Wavu ulisogea mbele ukinichana vidole, na hewa ikaingia kwa mkoromo.

Jirani alitupeleka kwa gari lake hadi hospitali ya Homa Bay. Mama alikaa mbele, mkono umefungwa leso iliyoloweshwa maji. Nyuma, kaka alilala ubavu mapajani mwangu na mimi nimeishikilia ile waya, nikiogopa kuiachia na nikiogopa kuivuta zaidi.

Daktari aliitoa. "Hii imekuwa ikisogea kwa wiki kadhaa," alisema. "Hakulalamika?"

"Alilalamika," nikasema.

"Na majeraha ya usoni?"

Mama akaniwahi. "Alianguka."

Walimwekea nyingine, akaishi miezi minne. Alimwomba mama msamaha mara moja, mbele yangu, akiangalia lile kovu la mkononi. Mimi na yeye hatukuombana chochote. Nilimnyoa ndevu kila Jumamosi, naye alininyooshea shingo bila kuogopa wembe.

Alipofariki nilimwosha mwenyewe. Ubavuni kushoto nilipapasa mbavu mbili zilizounga vibaya. Nilimvalisha shati haraka, kabla wajomba hawajaingia.